Safu ya Ushauri: Kioo Kikubwa, Betri Ndogo

Televisheni janja, yaani televisheni yenye mfumo endeshi na programu zake kama ilivyo simu, imekuwa bidhaa ambayo mchuuzi wa samaki wa mji wa Pweto, Kongo, anaweza kuinunua akipata msimu mzuri, tena ikiwa na kioo ambacho zamani kilionekana hotelini tu. Bei imeshuka, lakini gharama haikutoweka. Imehama, na barua zilizoifikia safu hii kutoka kando ya Ziwa Mweru zinaonyesha ilikohamia.

Mvuvi anayeishi karibu na mahali mto Luvua unapotokea ziwani anaeleza kwamba kioo chake cha inchi 55 kilizimika usiku wa tarehe 28 Januari 2024, baada ya Leopards ya Kongo na Misri kumaliza muda wa nyongeza zikiwa sare ya 1–1 katika Kombe la Mataifa ya Afrika, na kwa hiyo hakuiona penalti ya kipa Lionel Mpasi iliyoipa Kongo ushindi wa 8–7. Jirani yake mwenye kioo cha inchi 24 aliona kila kitu, na shangwe zake zilipenya ukutani. Mvuvi anataka kujua kama ana haki ya kurudisha televisheni dukani.

Hana haki hiyo, kwa sababu kasoro imo katika hesabu na wala si katika kifaa. Wati ni kipimo cha kasi ambayo kifaa hula umeme, na wati-saa ni jumla ya umeme ulioliwa kwa muda fulani. Kioo cha inchi 55 hula takriban wati 110, dekoda huongeza kama wati 15, na inveta, ambayo ni mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe umeme wa nyumbani, hupoteza sehemu yake njiani, hata jumla ikakaribia wati 150. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi ikinyonywa kupita nusu huanza kufa mapema, kwa hiyo zinazotumika kwa usalama ni 600, nazo zinatosha saa 4. Mechi ile ilianza saa 4 usiku kwa saa za Pweto, na pamoja na mapumziko, dakika 30 za nyongeza na penalti zilizopigwa hadi zamu ya makipa, ilihitaji karibu saa 3 peke yake; ilhali mvuvi mwenyewe anakiri kwamba watoto walikuwa wakitazama katuni tangu magharibi. Tena Januari ni katikati ya majira ya mvua katika Katanga, wakati paneli ya jua hushinda chini ya mawingu ikikusanya kidogo. Ushauri ni kwamba siku ya mechi katuni zifutwe, mwanga wa kioo upunguzwe kwenye mipangilio, kwa kuwa taa za nyuma ya kioo ndizo zinazokula sehemu kubwa ya umeme, na uhusiano na jirani wa inchi 24 urekebishwe mapema, ikiwezekana kwa samaki.

Mwalimu mstaafu analalamika kwamba televisheni yake hudanganya kwa saa moja kamili kila siku, na kwamba kwa sababu hiyo amekosana na mkewe kuhusu wakati wa kula. Televisheni haidanganyi ila imechukua uraia wa mji mkuu: ilipouliza nchi wakati wa kuwashwa mara ya kwanza iliandikiwa Kongo, nayo ikachagua saa za Kinshasa, wakati mkoa wa Haut-Katanga, iliko Pweto, uko mbele kwa saa moja, hivyo kipindi cha saa 2 usiku Kinshasa huonekana Pweto saa 3. Mwalimu achague mwenyewe saa za Lubumbashi, na chakula kiandaliwe kwa saa ya mkewe.

Kijana aliyenunua televisheni ng'ambo ya mpaka, upande wa Chiengi, Zambia, amekuta plagi ya miguu mitatu bapa ya mtindo wa Kiingereza haiingii katika matundu ya duara ya ukutani kwake. Ameikata, ameziingiza nyaya tupu na kuzibana kwa vijiti vya kiberiti, na sasa anauliza kama njia hiyo ni salama. Si salama. Adapta ni nafuu kuliko nyumba.

Swali zito zaidi limetoka kwa mama mmoja aliyesikia kwamba televisheni za bei nafuu huwatazama wanaozitazama. Aliyosikia yana msingi. Televisheni nyingi za namna hii zina utambuzi wa maudhui, yaani programu inayochukua sampuli za picha zilizo kwenye kioo, iwe zimetoka kwa dekoda au kwa flashi, na kuzituma kwa mtambo unaotambua ni kipindi gani kinatazamwa, ili taarifa hiyo iuzwe kwa watangazaji wa biashara. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza mashtaka ya kukusanya taarifa za namna hiyo kutoka televisheni milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe, na katika robo ya tatu ya mwaka 2021 faida yake kutokana na matangazo na taarifa ilizidi mara mbili faida ya kuuza televisheni zenyewe. Ndiyo maana bei ya dukani inaweza kuwa ndogo: sehemu iliyobaki hulipwa polepole na macho ya mnunuzi. Wazee wanaokumbuka enzi za Zaire, wakati habari zilipofunguliwa kwa uso wa Mobutu ukijitokeza mawinguni, walizoea televisheni iliyotaka watu wote wamtazame mtu mmoja. Hii ya sasa imegeuza mwelekeo. Hata hivyo mama huyo atulie. Televisheni isiyounganishwa na intaneti haiwezi kutuma lolote, na kwa kuwa filamu ya ubora wa juu huweza kumaliza gigabaiti 3 kwa saa moja, ni wachache Pweto watakaoilisha mega zao. Uhaba wa mega, unaolalamikiwa kila siku, hapa ni kinga. Atakayepata intaneti ya kutosha ndiye aingie kwenye mipangilio na kuuzima utambuzi huo.

Barua ya mwisho inahusu buko, yaani desturi ya ukwe inayomtaka mume amwepuke mama mkwe kwa heshima. Mwulizaji ana sebule moja na televisheni moja, na mama mkwe aliyekuja kumsalimu mjukuu amependa tamthilia na haonyeshi dalili ya kuondoka. Mwulizaji anatoa hoja kwamba, kwa kuwa watazamaji wote hugeukia upande mmoja, macho hayakutani na desturi haivunjwi. Hoja hii ina werevu lakini haisimami, kwa sababu kioo cha televisheni hung'aa, na kila picha inapoingia giza sura za waliokaa huonekana humo wazi, mama mkwe akimtazama mkwewe ana kwa ana katikati ya tamthilia. Njia halali ni mkwe kukaa uani na kutazama kupitia dirishani, na hapa ndipo ukubwa wa kioo unapopata kazi yake ya kweli, kwani inchi 55 husomeka vizuri kutoka mita 6, jambo ambalo mwenye inchi 24 hawezi kulidai. Mke asiombwe kuhamisha televisheni wala mama yake. Endapo mvua itanyesha, mkwe ahamie kwa jirani.

Kwa wanaofikiria kupanda hadi inchi 65, kioo hicho kina upana wa sentimita 144 kwa kimo cha 81 na husafirishwa kikiwa wima, kwa kuwa kikilazwa katika boti au juu ya lori hupasuka. Mlango upimwe kabla ya fedha kutolewa. Wasomaji wanaombwa kuandika swali moja katika kila barua, na kutaja ukubwa wa betri kabla ya ukubwa wa kioo.