Acheni Kuitupa Hiyo Kompyuta

Msyuuu! Jamani, nani kawaambia kompyuta ikikataliwa na Windows 11 ndiyo imekufa? Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, kila ukipita unakuta mtu anauza mashine yake ya mezani kwa bei ya kutupa. Muulize ina kasoro gani, hana jibu. Feni inazunguka, kadi ya picha nzima, memori ya kutosha. Kosa lake ni prosesa ya miaka michache nyuma, au haina kile kichipu cha usalama, TPM 2.0, ambacho Windows 11 inakidai mlangoni. Basi ndiyo tayari takataka? Hapana, hilo mimi silikubali.

Ichomeke kwenye TV ya sebuleni kwa waya wa HDMI, weka Linux, tafuta padi, cheza. Na msinikatize, najua mnachotaka kusema: Linux ni ya watu wa seva, gemu haichezi. Ilikuwa kweli, kaka. Zamani.

Tena Valve, hawa wenye duka la Steam, ukweli huo waliujua kwa kuumia. Mwaka 2012 bosi wao Gabe Newell aliiita Windows 8 janga kwa kila mtu wa kompyuta, maana aliona Microsoft anajenga duka lake ndani ya mfumo ambao wengine wote wanautegemea. Mwaka uliofuata Valve wakatangaza SteamOS, mfumo wao wa Linux kwa ajili ya sebuleni, na Novemba 2015 mashine zake zikaingia sokoni, zimetengenezwa na kampuni kama Alienware. Zikadoda. Walitegemea wenye gemu waziandike upya kwa ajili ya Linux, na nani atumie hela yake kuhudumia wateja wa kuhesabu? Gemu hakuna kwa sababu wachezaji hawapo, wachezaji hawapo kwa sababu gemu hakuna. Ukashindwa kujua uanzie wapi.

Kilichokata fundo hilo ni Proton, iliyotoka Agosti 2018. Wameijenga juu ya Wine, mradi wa tangu 1993, wakishirikiana na CodeWeavers. Hapa ndipo watu hawasikilizi, kwa hiyo nasema polepole: gemu yenyewe haiguswi. Inaendelea kuomba mambo yake kwa Windows kama ilivyozoea, na Proton imekaa katikati kama mkalimani, inapokea kila ombi na kulifikisha kwa Linux. Amri za kuchora za Direct3D zinageuzwa papo hapo kuwa za Vulkan, kadi inachora, wewe unaona picha kwenye TV. Mwenye gemu hakuombwa kuandika hata mstari mmoja. Kwa njia hiyo Steam Deck ilipotoka Februari 2022 ilikuta maelfu ya gemu zinaisubiri, na hapo ndipo porojo za Linux haichezi gemu zilipopaswa kwisha.

Kwa mashine ya nyumbani, mimi nasema Bazzite. Ni Linux ya bure, imejengwa juu ya Fedora, na mwonekano wa Steam Deck imeubeba wote. Unaichoma kwenye flashi, unaisimika, na ukichagua toleo la sebuleni, mashine ikiwaka inaingia moja kwa moja kwenye skrini ya Steam, maandishi makubwa ya kusomeka ukiwa kwenye kochi. Hakuna kibodi mapajani. Kuna menyu ya pembeni, unaifungua kwa padi hiyohiyo, unaweza kufunga fremu zisizidi 60, au hata 30 kama kadi ni ya kizamani, mashine ikapumua. Kadi ya AMD ndiyo isiyo na maneno, kwa kuwa programu za kuiendesha zimo ndani ya Linux yenyewe. Nvidia inawezekana, ila jiandae kwa usumbufu kidogo.

Halafu kuna hili la umeme, ambalo nashangaa halisemwi. Bazzite ikijisasisha haichezei mfumo unaoutumia. Inaandaa mfumo mpya pembeni, na unahamia huko utakapowasha upya. Umeme ukikatika katikati ya kazi, wa zamani upo palepale, unawasha unaendelea. Na hata ukihamia kwenye mpya ukakuta mauzauza, kwenye orodha ya kuwashia unachagua ule wa jana. Sisi wa kukatiwa umeme bila taarifa tunahitaji kitu gani zaidi ya hicho?

Sasa tufike kwenye kidonda. Ukiwasha GTA V ya hadithi, inacheza vizuri kabisa. Ukitaka kuingia Online, unatolewa nje. Septemba 2024 Rockstar, wenye gemu hiyo, waliweka BattlEye, mlinzi wa kuzuia wadanganyifu. Na BattlEye inakubali Proton tangu 2021! Kilichotakiwa ni mwenye gemu kuruhusu. Hawakuruhusu. Mtu alinunua gemu kwa hela yake halali, akaicheza Online miaka, akaamka siku moja mlango umefungwa. Mwezi uliofuata EA nao wakaifungia Linux Apex Legends, wakisema ndiko wadanganyifu wanakopita. Wadanganyifu wanaudhi, sibishi, wameharibu gemu nyingi nzuri. Lakini kuwafungia watu wote waliolipa ili uwakamate wachache ni uonevu, na Windows ambako hao wadanganyifu wamejaa tele haijafungiwa na mtu. Linux ingekuwa haiwezi ningenyamaza. Inaweza, na wenye gemu ndio wanaokataa.

EA Sports FC nayo imo kwenye kundi hilohilo, mlinzi wake hapokei Linux. Kwa hiyo nyumba ambayo gemu maana yake ni mpira wa EA usiku kucha, bakini na konsoli yenu, sitawadanganya. Fortnite na Valorant vilevile.

Lakini kama ni The Witcher 3, Hades, Stardew Valley, au hiyo GTA ya hadithi, unauza mashine kwa sababu gani? Ingia ProtonDB, andika jina la gemu yako, utasoma wenzako walioijaribu kwenye Linux wanasemaje na walibadilisha nini ikakubali. Hiyo unafanya kwa simu, bando kidogo tu, kabla mnunuzi hajafika.