Kabla Hujaazima Sufuria ya Shughuli

Wewe uliyekesha ukitazama tamthilia ya Bones, ukaamka na nia ya kuandika riwaya za mifupa na mauaji, hebu keti kwanza. Kathy Reichs, ambaye vitabu vyake vilizaa tamthilia hiyo, hakuanza kwa kukesha.

Alizaliwa Chicago mwaka 1948. Akasomea mifupa hadi akapata udaktari mwaka 1975, tena mifupa ya kale, ya watu ambao hata warithi wao hawadai tena. Baadaye polisi wakaanza kumletea ya juzijuzi. Riwaya yake ya kwanza, Déjà Dead, ilitoka 1997, yeye akinyemelea miaka 50. Kama una miaka 24 na kompyuta ya mkopo, piga hesabu upya.

Utahitaji sufuria, ya ukubwa wa pilau la harusi. Mfupa hauletwi maabara ukiwa mweupe kama kwenye televisheni. Mara nyingi huja na nyama yake, nao huchemshwa polepole kwa maji na sabuni hadi nyama iachie. (Sufuria hiyo isitoke jikoni kwenu, nakusihi.) Kisha unaushika mtulinga, unautazama ncha ya upande wa kidari. Hapo ndipo mwili huchelewa kumaliza kukua: kipande cha ncha hushikamana kabisa mtu akishapita miaka 20 na ushei. Kama bado hakijashika, marehemu alikuwa kijana. Mchana mzima umekwisha, nawe umepata sentensi moja. Zimebaki kurasa mia tatu.

Na kazi usiache! Reichs alifundisha chuo kikuu Carolina Kaskazini huku akiitumikia maabara ya uchunguzi wa vifo ya Quebec, kule Montreal. Shujaa wake, Temperance Brennan, naye yuko njia hiyohiyo, huku na huko. Mimi huo nauita ubahili wa kupigiwa mfano: nauli moja, mshahara na riwaya humohumo.

Mzaha una mahali pake, lakini. Reichs aliwahi kutoa ushahidi wa kitaalamu mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ile iliyokaa Arusha. Kizimbani huna sura ya mwisho ya kumfichua muuaji. Una wakili anayekuuliza umejuaje, kisha anakuuliza tena kwa maneno mengine, na "nahisi" si jibu.

Ukivuka yote hayo, huenda televisheni ikakupigia simu. Bones ilirushwa misimu 12, 2005 hadi 2017, na humo Brennan ni mtaalamu wa mifupa anayeandika riwaya, shujaa wa riwaya zake akiitwa Kathy Reichs. Jambo hili usijaribu kumweleza shemeji yako sebuleni. Yeye anataka kujua tu nani kaua.