Jinsi ya Kujua Picha Ni ya Nani, Toleo la Tuwan

Anza kwa kusahau ile sheria ya "niliitoa Google." Google haijawahi kupiga picha za harusi Kitale. Ukiona picha tamu kwenye simu yako, kuna mtu aliyechuchumaa kwenye matope ya mtaa wetu wa Tuwan, hapa Kitale, akivizia jua, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda kwa miaka 50, asajili asisajili. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) ni hiari, ingawa kunasaidia sana siku ya ubishi.

Wewe kinyozi uliyekata kipande cha chini cha picha chenye jina la aliyeipiga kabla ya kuitia kwenye bango lako, hukupata picha ya bure. Umemnyima mwenzako haki ya kutambuliwa kwa kazi yake, na hiyo nayo imo katika sheria.

Kamera ya kukodi je? Haidai kitu. Mwenye picha ni yule aliyeipanga, siyo mwenye lenzi.

Sasa ndugu zangu wa studio, hapa ndipo mnapopigwa chenga. Bibi harusi amekuagiza na amekulipa. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki kinasema haki ya kazi iliyoagizwa humwendea aliyeiagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Kwa hiyo ile picha yake uliyoibandika mlangoni, kubwa kama mlango wenyewe, ulipaswa kumwomba. Kama umeajiriwa, haki ni ya tajiri wako. Inauma, najua, na dawa yake ni karatasi moja juu ya kaunta: majina, tarehe, kazi yenyewe, "haki inabaki kwa mpiga picha, mteja ana ruhusa ya kuchapisha na kushiriki na jamaa," kisha sahihi mbili.

Agosti ya mwaka shufwa, Bungoma ikifurika watahiriwa, ukipiga picha bila kuagizwa na mtu, basi hakimiliki ni yako. Lakini sura ni ya mtoto. Katiba inalinda faragha yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Usimgeuze kuwa tangazo la soda.

Mpiga picha wa Tuwan, chapisha nakala za karatasi hiyo ya makubaliano kabla ya harusi ya Jumamosi, na mteja atie sahihi kabla hujatoa kamera mkobani.