Sifa za Daraja Lililochelewa

Shaaban Robert aliingia kazini serikalini mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, na katika miaka yake ya ofisini alisifu mengi: adili, kazi, lugha ya Kiswahili, maisha ya Siti binti Saad. Nafasi ya kulisifu Daraja Lililochelewa ameiacha wazi. Najua nafasi iliyo wazi haijazwi bila kibali, na kibali hakitoki bila bajeti. Lakini sifa hazina fungu wala kasma, kwa hiyo nimejiteua kukaimu. Nakaimu bila posho ya kukaimu, kama ilivyo desturi.

Nalisifu nikiwa Nzega, na sioni mahali panapofaa zaidi. Hapa ni njia panda. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita. Mabasi ya Mwanza yanapita. Ya Tabora yanakata kona na kuelekea Puge. Hata dhahabu ilipita: mgodi wa Golden Pride pale Lusu ulifunguliwa 1998, ukachimbwa, ukaisha, ukafungwa, yote hayo ndani ya muda ambao mtumishi asiye na bahati anaweza kuwa amepanda mara moja. Katika mji ambamo kila kitu kiko safarini, tunahitaji kitu kimoja kinachotulia. Mungu ametupa daraja la mtumishi wa umma.

Kwa msomaji ambaye hakujaliwa ajira ya serikali, nieleze. Mwalimu mwenye stashahada huanzia ngazi ya mshahara iitwayo TGTS C, mwenye shahada TGTS D. Muundo wa utumishi kwa kawaida unataka akae kwenye cheo kwa muda usiopungua miaka mitatu, afanye kazi vizuri, kisha apande. Kanuni imeweka muda wa chini. Muda wa juu haikuuweka, na katika uwazi huo ndimo alimozaliwa shujaa wetu. Maana ukishatimiza miaka, bado jina lazima liwe kwenye tange, ile orodha ya nani ametangulia nani kazini. Tange lazima ioane na ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa kwa kila cheo. Ikama lazima ipate kibali. Kibali lazima kikute fedha. Fedha lazima zikute mwaka wa fedha haujaisha. Mambo yote haya yakikubaliana, unapewa barua. Mshahara nao utafuata kwa wakati wake, kwani barua na mshahara si ndugu wa tumbo moja.

Nasaba ya daraja hili ni ya heshima. Mwaka 1922 kule Tanga, Martin Kayamba na makarani wenzake waliunda chama cha Waafrika watumishi wa serikali ya Tanganyika. Hivyo mazungumzo kati ya mtumishi na serikali yake yamevuka miaka 100. Waingereza wameondoka, Azimio la Arusha limekuja na kwenda zake, shilingi imebadilishwa sura mara kadhaa, mazungumzo yanaendelea. Mwaka 2003 yalitungiwa hata sheria yake, Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma, ili yasije yakaisha kiholela.

Wabishi wa hapa Unyamwezi wana hoja moja wanayoipenda. Husema: babu zetu waliobeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na Bagamoyo walipatana ujira kwanza, ndipo wakajitwisha mzigo wa kilo 30 na zaidi. Ujira ulihesabiwa kwa nguo, shanga na nyaya, na posho ya njiani ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Kibaba kikipunjwa, mizigo ilishushwa chini, na mwenye msafara akabaki hemani akihesabu hasara yake. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima juu ya wapagazi hao, kilichotoka 2006, akionyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wa ujira waliojua kudai.

Sikatai. Lakini mpagazi huyo alikosa malezi. Hakujua ikama. Hakuwahi kuambiwa mchakato unaendelea. Alikuwa na kichwa cha kubebea mzigo na mdomo wa kusemea, basi, na kwa vitu viwili hivyo tu alilipwa. Sisi tuliosoma tunajitwisha kwanza, tunatembea miaka sita, kisha tunaandika barua kupitia kwa mkuu wa shule kuulizia bei. Hayo ndiyo maendeleo.

Wapo pia wanaodai kwamba serikali ni nzito kwa asili yake. Hawa hawajasoma historia. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere alijikata mshahara wake asilimia 20. Haikusubiriwa tange wala ikama. Na leo tazama slipu ya mwalimu mwenye shahada aliyesoma kwa mkopo: mfuko wa hifadhi asilimia 5, bima ya afya 3, chama 2, Bodi ya Mikopo 15. Hiyo ni robo ya mshahara hata kabla kodi haijanyoosha mkono, na sijasikia mwezi hata mmoja ambao makato hayo yalikwama kwa sababu mfumo uko chini. Mfumo ni mzima na una kasi. Kupanda tu ndiko kunakouchosha.

Sasa fadhila zake, nami nitaanza na elimu.

Daraja Lililochelewa limetufundisha hesabu. Namjua mwalimu wa Kiswahili ambaye hisabati ilimkimbia tangu kidato cha pili. Leo anakupa tofauti ya TGTS D na E kwa miezi 41, akitoa kodi na makato, bila kikokotoo. Limetufundisha jiografia, kwani jalada la mtu mmoja hutembea kutoka zahanati ya kijijini hadi wilayani, na kutoka wilayani hadi Dodoma, likirudi limeona nchi kuliko mwenyewe. Limetufundisha na sheria. Mwaka 2012 Chama cha Walimu Tanzania kilidai nyongeza ya asilimia 100, pamoja na posho ya kufundishia na posho ya mazingira magumu. Mgomo ukaanza mwisho wa Julai, na siku chache baadaye Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikatamka kuwa si halali. Walimu wakarudi darasani wakiwa na somo jipya la uraia.

Hata dini halikuisahau. Methali zote za subira sasa ni mali yake: subira yavuta heri, mvumilivu hula mbivu, kawia ufike. Ile ya ngoja ngoja huumiza matumbo nashauri isisomwe mbele ya mgeni rasmi.

Fadhila ya pili ni usawa. Mwaka 2016 upandishaji vyeo na ajira vilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na Aprili 2017 serikali ikatangaza watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kazi hiyo ilistahili kufanywa, nani atapinga? Ila uzuri wake mkubwa ulikuwa kwamba mwenye cheti halali alisubiri pamoja na mwenye cheti cha kununua, bila ubaguzi. Foleni ilipofunguliwa tena, walioajiriwa miaka tofauti walijikuta kwenye ngazi moja, na walioajiriwa siku moja wakajikuta kwenye ngazi tofauti kwa sababu mmoja alihamia halmashauri nyingine. Baadaye ukaja upandishaji wa mserereko ili kuwanusuru waliokwama. Tangu hapo ukiwakuta walimu watatu chini ya mwembe wanabishana, usidhani ni Simba na Yanga. Wanapanga nani ni mkubwa wa nani.

Fadhila ya tatu ni uchumi wa mji. Mtumishi wa Bukene au Itobo anayefuatilia daraja lake hafiki Nzega mikono mitupu. Anamlipa dereva, anamlipa wa bodaboda, anaingia steshenari kutoa kopi ya barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na ya vyeti vyote tangu darasa la saba, kisha mama ntilie anapata chake. Ofisini anaambiwa, kwa upole kabisa, "Mwalimu, jina lako nimeliona, ila subiri, mchakato unaendelea." Anashukuru. Mwezi ujao atarudi, na kopi mpya, kwa sababu zile za kwanza hazionekani. Mabenki nayo hayakuachwa: theluthi ya mshahara ikishabaki peke yake na benki ikikataa kuongeza mkopo, wapo wakopeshaji wa kausha damu, hawaulizi tange.

Fadhila ya nne ni ulinzi wa familia. Huku kwetu habari ya kupanda daraja husafiri haraka kuliko basi la Mwanza. Barua ikitoka asubuhi, jioni baba mdogo amefika na kuku mmoja na ombi la ada, na shemeji ameanza kutaja bati. Mshahara ungefika siku hiyohiyo, mtu angefilisika kwa heshima. Lakini kwa kuwa haufiki, mwenye daraja ana la kusema, tena la kweli: "Baba, barua ipo, hela bado." Daraja la namna hii ni kama michembe yetu ya viazi: limekauka, halina maji, ila halichachi, na mgeni akilionja mara moja humwachia mwenyeji.

Fadhila ya tano ni kutufunza furaha ndogo. Mei 2010 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, lilidai kima cha chini cha shilingi 315,000, na Rais Kikwete akawaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba fedha hizo hazipo. Mei 2022 ikatangazwa nyongeza ya asilimia 23.3. Nchi nzima ilipiga hesabu usiku kucha. Julai mishahara ilipoingia, wengi waligundua kwamba asilimia hiyo ilikuwa ya kima cha chini, kilichotoka 300,000 hadi 370,000. Walio juu zaidi walipata vijisenti vyao. Kabla ya hapo mtu alidharau noti ya 10,000. Tangu hapo ameijua thamani yake. Mei 2023 kule Morogoro, Rais Samia alitangaza kurudishwa kwa nyongeza ya kila mwaka, iliyokuwa imesimama kwa miaka, na watu walishangilia kupata kilichokuwa chao tangu zamani. Mei 2025 kule Singida kima cha chini kikatangazwa kuwa 500,000 kuanzia Julai. Sisemi si kitu. Ila kima cha chini kinapopanda na daraja lako halijapanda, kinachotokea ni kwamba sakafu imekufuata uliko.

Na tusijione peke yetu. Walimu wa Kenya walikubaliana na serikali yao mwaka 1997, ikatangazwa kwenye gazeti la serikali. Mwaka 2013 walikuwa bado wanagomea posho za makubaliano yaleyale. Mtoto aliyezaliwa siku ya kutia saini alikuwa anakaribia miaka 16, huenda alikosa masomo kwa sababu ya mgomo wa deni linalolingana naye umri. Afrika Mashariki ni moja.

Nimeweka mwisho kazi bora kuliko zote, ambayo wengi hawaijui hadi siku ya kustaafu. Malimbikizo ya mshahara ni deni, na deni hudaiwa; siku moja litahakikiwa na kulipwa. Lakini barua ya daraja ikiandikwa kwamba unapanda kuanzia leo, wakati ulistahili kupanda miaka minne iliyopita, miaka ile minne haiwi deni. Haiandikwi popote, hakuna fomu yake. Kisha unafika miaka 60, na mafao yako yanakokotolewa kwa wastani wa mishahara yako bora ya miaka mitatu. Tulipigana sana juu ya kikokotoo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mkupuo: mwaka 2018 asilimia 25 ilizua kelele hadi ikasitishwa, mwaka 2022 ikawa 33, mwaka 2024 ikaongezwa tena, 40 kwa kundi moja na 35 kwa jingine. Tulibishania asilimia. Mshahara wenyewe ambao asilimia hiyo inakatwa, uliokuwa chini kwa daraja zima, haukuzungumzwa sana. Kwa hiyo Daraja Lililochelewa halikuachi mlangoni pa ofisi. Linastaafu na wewe, linakula na wewe kila mwezi, na ukifa warithi wako hawataliona, maana halimo katika orodha ya madeni.

Kwa fadhila zote hizo napendekeza lipewe cheti cha mfanyakazi hodari Mei Mosi ijayo, na fedha taslimu zake zifuate baadaye.

Na wewe kijana uliyeripoti mwaka huu, ukiwa bado na vumbi la safari: babu yako mpagazi alipatana kabla ya kujitwisha, nawe umeshajitwisha. Basi fanya yaliyobaki. Barua yako ya ajira na ya kuthibitishwa kazini toa kopi, ziweke nyumbani, si ofisini. Siku unapotimiza muda wako wa kupanda, andika barua siku hiyohiyo, ipigwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Ukipewa daraja, kabla ya kushukuru, soma mstari unaosema linaanza lini. Na wale wanaokata asilimia 2 ya mshahara wako kila mwezi, waulize mkutanoni tarehe hiyo wameijadili na nani.