Abunuwasi Afika Mabamba

Paukwa? Pakawa! Ukishaitikia, hapa Mabamba hadithi haina tena mwenyewe. Jana Sungura alianza safari kwa miguu. Mpwa wangu akampandisha baiskeli yenye mikungu miwili ya ndizi, jirani akamvusha mpaka wa Burundi usiku, na Fisi (nani mwingine?) akawa mkagua mizigo. Hakuna aliyeguna. Abunuwasi naye, mshairi wa Baghdad, mpenda mvinyo, aliyefariki miaka 1,200 hivi iliyopita, kwetu ana punda, ana deni la muhogo, na anamwamkia mwami (chifu) kwa Kiha safi. Nikauliza tu Sungura anazifikiaje pedeli. Bibi akanikata jicho: “We mjukuu wangu, usituletee uongo kwenye hadithi.”