Ndege 766 na Deni la Muuza Samaki

Mtu akisema yeye ni Simba au Yanga, hakuna anayemuuliza analipwa shilingi ngapi. Mimi nikisema nafuatilia idadi ya ndege mpya zinazokabidhiwa kwa wenyewe kila mwaka, swali la kwanza huwa hilo: "Sasa wewe unapata nini?" Sipati kitu. Airbus hawanijui, Boeing hawanijui, mashirika yanayonunua hayanijui, na benki yangu ingefurahi kama nayo isingenijua.

Naishi Karakata, chini kabisa ya njia ya ndege zinazotua Dar es Salaam. Mazungumzo ya huku yana vituo: ndege ikipita mtu ananyamaza mdomo wazi, ikishapita anaendelea palepale alipoachia. Wengi hawainui hata kichwa. Mimi nainua, nasoma namba ya ubavuni, naandika. Kwa sababu hiyo mtaa mzima unaamini nafanya kazi uwanja wa ndege, na cheo changu kinapanda mwaka hadi mwaka bila mshahara. Mwenye duka wa jirani aliniletea bahasha ya kaki yenye vyeti vya mwanawe, nimsaidie kijana apate hata kubeba mizigo. Nikamweleza kwamba sina kazi huko, nafuatilia tu. Akatazama kushoto na kulia, akaniambia kwa sauti ya chini kuwa ameelewa, watu wa usalama huwa hawasemi. Tangu siku hiyo nakopeshwa sukari bila maswali.

Mama mkwe naye, anayeishi Mwanza, ndege yake ikichelewa hunipigia mimi. Nami, kwa heshima zote za mkwe, huomba radhi.

Tatizo la hesabu hizi ni kwamba watu hudhani ndege ikitoka kiwandani imeshakabidhiwa. Wapi! Ndege inaweza kuunganishwa kwenye kiwanda cha Airbus pale Toulouse, ikapakwa rangi za mwenyewe, ikarushwa na marubani wa kiwanda ikiwa na namba ya muda inayoanza na F-WW, ikatua salama, kisha ikaegeshwa na isihesabike. Kwanza waje wakaguzi wa mnunuzi. Hao hufungua kila kabati, hulaza kila kiti, huvuta maji ya kila choo na kuandika kila mkwaruzo. Kasoro zirekebishwe. Halafu malipo yaliyobaki yaingie, karatasi zisainiwe, umiliki uhame. Hapo ndipo unapoandika moja. Miaka ya karibuni kuna ndege zilizokaa uwanjani zikiwa zimekamilika, ila zinasubiri injini. Nyingine zilisubiri viti, na nyingine, sitanii, zilisubiri vyoo. Ndege ya mamilioni ya dola, imeng'aa, haiondoki kwa sababu vyoo havijaletwa.

Hilo la vyoo nilimsimulia mwenye nyumba wangu, na sijui nilitumwa na nani. Mlango wa choo chetu ulikuwa unasubiri bawaba tangu kiangazi. Akaniangalia kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Unaona, mwanangu? Hata Wazungu!"

Mwaka 2024 niliuanza na kaunta buku nene, kurasa za mbele Airbus upande mmoja, Boeing upande wa pili. Mama watoto ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaa. Daftari lake likapigwa na mvua iliyopita kwenye bati, basi akageuza langu na kuanzia nyuma. Kufika Juni tulikuwa tumekutana katikati. Ukurasa ule ninao hadi leo: kushoto A321neo za kiwanda cha Airbus cha Hamburg, kulia hisa za mama muuza maandazi, na katikati alama ya kikombe cha chai isiyo na mwenyewe.

Mwezi huohuo Airbus wakatangaza kwamba lengo lao la mwaka, kama ndege 800, linashuka hadi 770 hivi, maana wanaowauzia vipuri wanachelewesha. Nilikuwa nafuta na kuandika upya, mama watoto akachungulia.

"Wamepunguza?"

"Wamepunguza."

"Wamepigwa faini?"

"Na nani, mama?"

"Si na kikoba chao."

Nikaendelea kuandika.

Kwa Boeing mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tarehe 5 Januari kipande kinachoziba tundu la mlango wa ziada kilichomoka kwenye 737 MAX 9 ya Alaska Airlines ikiwa angani. Mamlaka za Marekani zikakataza uzalishaji wa MAX usizidi ndege 38 kwa mwezi, na hata hizo 38 hawakuzifikia. Septemba mafundi wapatao 33,000 wakagoma hadi mwanzoni mwa Novemba. Safu yangu ya Boeing ikabaki na mistari mitupu, na kwa mama watoto mstari mtupu ni dhambi. Akaujaza kwa michango ya harusi ya mdogo wake. Ukilisoma daftari bila kuelekezwa, utaamini kwamba Oktoba ile kiwandani kwa Boeing pale Renton walikabidhi sufuria mbili, kreti sita za soda na ahadi ya mbuzi. Boeing walifunga mwaka na ndege 348, kutoka 528 za mwaka 2023. Mbuzi hakuletwa.

Nisionekane nashabikia ya ugenini tu. Ndege mpya za Air Tanzania ndizo zinazonitoa kitandani, na ndizo zilizonitesa zaidi. Dreamliner ya kwanza ilipofika Julai 2018 niliiona vizuri kabisa, magari ya zimamoto yakiimwagia maji. Desemba mwaka huohuo ikaja A220 ya kwanza kutumiwa na shirika la Afrika, hiyo pia nikaiona. Nikajiona mtu mwenye bahati. Halafu ndege zikaanza kuhama mji. Q400 ya mwaka 2019 ilizuiwa Canada kwa sababu ya kesi. Ilipoachiwa Desemba nikajiandaa, nikachaji simu, nikapiga pasi shati. Ikatua Mwanza. Mama mkwe, ambaye kwake Q400 na Coaster ni mamoja, akaiona kwa macho yake na kunipigia akiwa amesikitika. "Ndiyo hako mnakokalilia, baba? Mbona kadogo?"

Oktoba 2021 zikaja A220 mbili kwa mpigo, zikapokelewa Zanzibar. Tangazo lilikuwepo mapema. Nauli ya boti ndiyo haikuwepo. Nikaamua kuangalia kwenye televisheni ya kinyozi, na kwa kuwa huwezi kukalia kiti cha kinyozi bure, nikanyolewa. Ndege ya kwanza ilikuwa imeshaonekana kwenye skrini na upande wa kushoto wa kichwa changu ulikuwa umeshakwisha. Umeme ukakatika. Wateja wengine waliulizana mechi itakuwa saa ngapi. Mimi nilikaa pale na nusu ya nywele mpaka jioni, na kila aliyepita alichungulia kuona kama ni kweli alivyoambiwa.

Halafu kuna ndege zinazorudi nyuma. Desemba 2021 Airbus walihesabu kuwa wamekabidhi A350 mbili za Aeroflot ya Urusi. Ikaja vita ya Ukraine, vikaja vikwazo, makabidhiano yakashindikana. Hesabu ya 2022 ilipotoka ilikuwa ndege 663, toa hizo mbili, zikabaki 661. Nilipoisoma kwa sauti, mama watoto aliweka kalamu chini. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumwona amevutiwa hivyo na usafiri wa anga.

"Kwa hiyo hata huko mtu anaandikwa ametimiza kumbe bado?"

"Inatokea."

"Na wakamtoa?"

"Wakamtoa."

"Ndiyo uongozi huo," akasema, na jioni ileile akamfuta mtu.

Sasa Desemba. Viwanda vya ndege hukimbizana Desemba kuliko mwezi wowote, maana kila karatasi inayosainiwa kabla ya tarehe 31 inaingia mwaka ule. Airbus walimaliza Novemba 2024 na ndege 643. Kufikia 770 walitakiwa kukabidhi 127 kwa mwezi mmoja wenye Krismasi ndani yake. Na kikoba cha mama watoto hufunga hesabu tarehe hiyohiyo 31, ili Januari wagawane fedha za ada. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na wahasibu wawili, meza moja, daftari moja na kalamu inayoandika ukiipulizia. Mimi, nikihesabu za kiwanda cha Airbus cha China, nasema "Tianjin mbili," yeye anasema "mama wa genge elfu ishirini," mtoto anauliza kama Tianjin naye ni mwanachama.

Airbus walikabidhi 123. Jumla 766. Nilizipata hizo namba Januari kwa bando la jirani, langu lilikuwa limeisha nikisubiri ukurasa ufunguke. Nikapandisha pumzi kumsimulia mama watoto jinsi ndege nne tu zilivyopungua, akaniwahi: kulikuwa na kesi nzito zaidi, nami nilihitajika kikaoni kama mtaalamu.

Muuza samaki alituma deni lake kwa simu usiku wa tarehe 31, saa sita kasoro dakika kumi. Mtandao ulikuwa umejaa salamu za mwaka mpya. Meseji ya muamala ikaingia kwa mweka hazina saa sita na dakika kumi. "Mimi nimetuma mwaka jana," akasema muuza samaki. "Mimi nimepokea mwaka huu," akasema mama watoto. Akina mama wakanigeukia.

Nilisimama. Nikawaeleza umiliki unavyohama, malipo yanavyothibitishwa, saini inavyowekwa. Nikagusia, kwa faida ya kikao, kwamba saa nazo hutofautiana: sisi tukiwa saa sita na dakika kumi usiku, Toulouse ni saa nne na dakika kumi.

Muuza samaki akaruka. "Kwa hiyo Ufaransa ulikuwa bado mwaka jana?"

"Ufaransa, ndiyo."

"Na huko kwa Boeing?"

"Seattle ilikuwa saa saba mchana, tarehe 31."

Wadaiwa wote waliokuwa kimya wakapata sauti. Mmoja aliyelipa tarehe 1 asubuhi akataka kujua kama kuna mji ulioko nyuma zaidi ya Seattle. Mwingine akapendekeza katiba ibadilishwe, kikoba kifuate saa za Marekani, na hoja ikaungwa mkono. Ilibaki mikono kuhesabiwa.

Mama watoto hakuhesabu mkono. Alifungua daftari, akaandika faini ya muuza samaki, shilingi elfu mbili, kwa saa za Karakata. Chini yake akaandika jina langu, elfu tano, kuvuruga kikao. Nikamkumbusha kwamba mimi si mwanachama. Akasema nilipe kwanza, uanachama utajadiliwa. Nikalipa, na muamala ukaingia papo hapo.