Mwongozo wa Mwanachama Mpya wa Klabu ya Gofu kwa Wiki ya Kutoboa Griini

Kwanza, usisome tangazo. Limebandikwa ubaoni tangu mwezi uliopita, na wanachama wote wataapa hawajaliona. Ukilisoma, utapoteza haki ya kushangaa Jumamosi asubuhi, na asiyeshangaa hana la kuzungumza baa.

Pili, ukifika griini ya kwanza, simama. Uliza kwa sauti, “Nani kawaruhusu?” Muulize yeyote isipokuwa mtunza uwanja, maana yeye atakujibu. Atakwambia udongo umeshindiliwa na viatu vyenu na mashine ya kukata nyasi, mizizi haipati hewa, maji yanatuama, na chini ya majani mabichi kuna tabaka la nyasi zilizokufa. Atakwambia mashine huchomoa vipande vya udongo, kisha mchanga hupigwa fagio ujaze vitundu, hewa na maji vipate njia. Yote ni kweli. Ukishaelewa, hutalalamika tena kwa raha.

Tatu, usifanye hesabu mbele za watu. Kitundu kina upana wa milimita 12 hivi. Mpira haupungui milimita 42.67. Kuumeza hakiwezi. Ukilisema hili, utacheza peke yako hadi Pasaka.

Sheria nazo zina ukatili wake. Tangu 2019 unaruhusiwa kurekebisha karibu kila jeraha la griini, zikiwemo alama za viatu na kwato za mnyama aliyepita. Vitundu hivi havimo, kwa kuwa ni matunzo. Kamati ikipenda, huweka kanuni ya uwanja inayokuruhusu kuusogeza mpira uliokaa juu ya kitundu. Mpira ulioyumbishwa nacho njiani ni wako na Mungu wako. Kedi, mbeba fimbo zako, anaijua kanuni hii vizuri. Ukimtazama, atakuwa anatazama mawingu.

Sasa piga. Vuta pumzi, lenga, kosa. Geukia griini kwa huzuni, wala usiitazame fimbo. Wenzako watatikisa vichwa. Si huruma hiyo: wanajiwekea akiba, zamu yao inakuja. Mpira ukiingia, vitundu usivitaje kabisa. Hicho ni kipaji.

Mwishowe utashawishika kuiandikia kamati kazi hii iahirishwe. Andika, kila mtu huandika. Utajibiwa kwamba ukoka hutobolewa wakati unakua kwa nguvu, joto lipo na maji yapo, ili upone upesi. Kwa bahati mbaya ndio wakati uliouchagua wewe kumleta bosi wako acheze. Na kamati ikikubali kuahirisha, jiandae: griini zikianza kukauka mabaka mabaka, waraka wa kuulizia uzembe wa mtunza uwanja utakuwa na saini yako ya kwanza.

Baada ya wiki mbili au tatu vitundu vitafunga, na mpira utakwenda moja kwa moja ulikoupiga, yaani pembeni. Tafuta kisingizio kingine mapema. Upepo wa kusi bado haujachukuliwa na mtu.